Maporomoko ya Sanje, Udzungwa: nyota nne, na ile moja nimeikata kwa wanaoyauza kama "matembezi mepesi"

Kwa miaka mingi nimepita barabara ya Mikumi hadi Ifakara na lori, nikishusha sukari na kurudi na mchele, enzi zile ukivuka Kidatu unameza vumbi mpaka mwisho wa safari. Ukikaribia kijiji cha Sanje, mkono wa kulia, unaona mstari mweupe umeshuka mlimani katikati ya msitu. Ndiyo maporomoko yenyewe. Dereva mwenye mzigo hasimami kutazama maji, kwa hiyo nilistaafu nikiwa nayajua kwa mbali tu, kama jirani msiyesalimiana.

Mwaka huu binti yangu, muuguzi Dar es Salaam, alinitumia tangazo la wakala mmoja wa safari. Kuondoka Dar usiku, kufika asubuhi, "matembezi mepesi ya familia", kuogelea, picha, kurudi usiku huohuo. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ratiba imepangwa na mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Dereva akeshe usiku kwenda, akeshe usiku kurudi, katikati apumzike saa ngapi? Na barabara yenyewe inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, takribani kilomita hamsini za tembo, nyati na twiga kuvuka wanapotaka wao. Akanuna kidogo, halafu akasema, "Basi baba, panga wewe." Nikapanga.

Nieleze kwanza kufika, maana safari nyingi za huku huharibikia barabarani. Treni ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, daraja la kawaida shilingi 13,000. Kutoka Morogoro tulipanda basi la Ifakara. Linapita Mikumi mjini, linakata kushoto, linashuka Kidatu, linavuka mto Ruaha Mkuu, kisha unaingia kwenye miwa. Miwa kulia, miwa kushoto, halafu ghafla upande wa kulia mlima unasimama kama ukuta, kijani mtupu. Sasa barabara ni ya lami, na nakiri nilikaa dirishani nikiwaonea wivu madereva wa leo. Tulishuka Mang'ula, ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Treni ya TAZARA nayo ina kituo hapo, kwa anayependa mwendo wa taratibu.

Tulilala nyumba ya wageni ambayo sitaitaja kwa sababu neti yake ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Binti alilishona kwa uzi wa kushonea vidonda aliokuwa nao kwenye mkoba. Bonde la Kilombero halina mchezo na mbu, si bure taasisi kubwa ya utafiti wa malaria iko Ifakara. Neti yako mwenyewe, au dawa ya kujipaka, isikose. Chakula cha jioni kilifidia yote: wali wa Kilombero unaonukia toka mlangoni, na perege wa kukaanga, kwa mama ntilie jirani na stendi.

Asubuhi saa moja tulikuwa getini. Hapo ndipo unapojiandikisha, unalipa kiingilio na unapewa mwongozaji. Hawapokei fedha taslimu, unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, kwa hiyo usifike na noti zako ukadhani umemaliza. Mtanzania analipa kwa shilingi na mgeni kwa dola, tofauti ni kubwa, na kitambulisho utaulizwa. Bei zenyewe ziulize kabla ya safari kwa sababu hubadilika.

Jambo ambalo wengi hawalijui: njia ya Sanje haianzii hapo getini. Ni lazima urudi kaskazini kama kilomita kumi hadi kijiji cha Sanje. Kama huna gari, panga bajaji au bodaboda, na mwelewane kabisa kuhusu kukurudisha. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya magari hata moja. Eneo lote hilo, kilomita za mraba 1,990, ni la miguu. Kwangu mimi niliyekaa kwenye kiti cha lori maisha yangu yote, hiyo peke yake ilikuwa habari.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa maeneo hayohayo. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akaniangalia viatu, akamwangalia binti viatu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafanya kitu ambacho ndiyo sababu kuu ya mimi kuandika haya. Aliniweka mbele. Nilidhani yeye ndiye atatangulia. Akasema, "Mzee, wewe ndiye mwenye mwendo. Sisi tunakufuata." Na njia nzima hakuniambia pumzika hata mara moja. Kila nilipoanza kuhema, yeye alikuwa na kitu cha kunionyesha. Mara mizizi ya mti iliyosimama kama mbawa, mirefu kunizidi. Mara kinyesi cha tembo kwenye mteremko ambao ningeapa tembo hawezi kuupanda. Mara jongoo wa unene wa kidole gumba akivuka njia bila haraka. Binti ndiye aliyeng'amua. Akaninong'oneza, "Baba, huyu anakupumzisha kwa akili." Hospitali kuna manesi wa aina hiyo, akasema, wachache.

Njia inaanza kwa joto. Usidanganyike na neno msitu ukadhani ni baridi. Chini pale uko mita mia tatu hivi tu juu ya usawa wa bahari, hewa nzito, jasho linatoka hata ukisimama. Ndiyo maana nasisitiza asubuhi. Miti ya chini ni ya kila namna, mikuyu kando ya maji, mivule, mikangazi, na kamba za mitambaazi zimening'inia toka juu. Mwanga unafika ardhini vipande vipande. Jihadhari na upupu. Mwongozaji aliuonyesha kwa fimbo, maganda yenye manyoya ya dhahabu, mazuri kuyatazama, na akasema aliyeyagusa huvua shati mbele za watu. Siafu nao walitukatia njia mahali fulani, mstari mweusi unaochemka. Ukiwaona, ruka, usisimame kuwapiga picha.

Halafu mbega wekundu. Hawa wa Udzungwa wana kichwa chekundu na hawapatikani popote duniani isipokuwa milima hii na misitu iliyo karibu nayo. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, matawi yakipasuka juu, kisha wakaanza kuruka mmoja mmoja, mama mmoja na mtoto amemng'ang'ania tumboni. Anaruka akiwa amenyoosha mikono yote, anatua kwenye majani tu, yanabonyea chini yake mpaka moyo unakuruka, kisha yanamrudisha juu. Tulisimama hapo muda mrefu na hakuna aliyesema twende.

Kima mwingine wa huku, mangabe wa Sanje, tulimsikia tu. Sauti yake inaanza kwa kuita na kumalizia kama mtu anayesukutua koo. Kisa chake nilikipenda. Hadi 1979 wanasayansi hawakuwa na habari naye. Watafiti wawili waliokuwa wakihesabu wanyama wa msituni huku wakasikia sauti hiyo wasiyoitegemea, wakauliza, na wenyeji wakawaambia bila mshangao wowote kwamba huyo ni ng'olaga, wanamjua siku zote. Baadaye akapatikana mmoja mdogo akifugwa kijijini hapo Sanje. Kwa hiyo dunia ilimgundua mnyama ambaye bibi wa mtu alikuwa anamfukuza shambani. Mwongozaji alikisimulia akicheka, na ana haki ya kucheka.

Maji unayasikia mapema kuliko unavyodhani, na hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu. Sauti iko karibu, njia haiko karibu. Bonde linajibana, kuta za mwamba na majani zinakusogelea pande zote mbili, na njia inaanza kupanda kwa ngazi za udongo zilizozuiwa kwa magogo, nyingine za mizizi tu. Sisi tulikwenda mwishoni mwa mwezi wa sita, masika yamekwisha, maji bado mengi na ardhi imeanza kukauka. Huo ndio wakati ninaoupendekeza, kuanzia Juni hadi Septemba au Oktoba. Kipindi cha Machi hadi Mei maporomoko yana nguvu zaidi, sikatai, lakini hizo ngazi zitakuwa sabuni.

Maporomoko yote kwa pamoja yana urefu wa mita 170, yameshuka kwa hatua tatu. Sehemu ya kutazamia unayaona yakiwa mbele yako, ng'ambo ya korongo, na kitu kilichonishangaza ni kwamba maji hayaanguki kwa pamoja. Ukikazia macho fungu moja la maji kule juu na kulifuata, linaanza likiwa zito na jeupe, katikati linachanika, na kabla ya kufika chini limekuwa moshi unaosukumwa na upepo pembeni. Majani ya ukuta mzima upande huo yanatingishika mfululizo kwa manyunyu hayo, hayatulii. Binti alijaribu video mara kadhaa akaghairi. Simu inaonyesha mstari tu, uleule niliokuwa nauona barabarani.

Ukigeuka upande wa pili unaliona bonde: miwa imekatwa kwa pembe nne pembe nne, moshi wa kiwanda, na kwa mbali uwanda unaoyeyuka kwenye ukungu kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Maji haya yote mwisho wake ni mto Rufiji, maana yake yanapita kwenye lile bwawa jipya la umeme la Julius Nyerere, megawati 2,115. Kwa hiyo ukiwasha feni Dar, na huku umo.

Kupanda hadi kwenye vidimbwi vya juu ni kipande cha ziada, na hapo nasema bila kusita: usikubali kuishia sehemu ya kutazamia. Wakala yule wa tangazo, nilikuja kuelewa baadaye, huwageuzia watu hapohapo kwa sababu ya muda. Juu maji yanatua kwenye kidimbwi cha mwamba, kisha yanatulia kidogo kabla ya kuendelea na safari. Ni baridi. Toka kwenye lile joto la chini, ukitia mguu unapiga kelele hata kama hukupanga. Binti aliogelea mpaka midomo ikabadilika rangi. Mimi nilikaa juu ya jiwe na miguu majini, suruali imekunjwa, tukala mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na ndizi tulizobeba. Hakuna duka njiani, chukua chakula na maji ya kutosha, lita mbili kila mtu si nyingi. Mawe yana utando wa kijani unaoteleza vibaya, na ukingo ambapo maji yanaanza kuanguka hauna uzio. Mwongozaji alitukataza kuukaribia kwa sauti tofauti kabisa na ile ya jongoo na mizizi. Msikilize.

Basi tukiwa tunashuka, karibu saa sita, tukakutana na kundi la yule wakala, au wa aina yake. Vijana wengi, wamechoka kabla ya kuanza, macho mekundu ya kukesha kwenye basi. Nusu yao na ndala. Dada mmoja alikuwa na viatu vya wazi vyenye kamba nyembamba, kamba moja imekwisha kukatika, anaifunga kwa raba ya nywele. Akaniuliza, "Baba, bado mbali?" Nikamtazama mwongozaji wangu, naye akatazama miti. Nikamwambia mwendo wenyewe ndiyo kwanza unaanza, mwanangu. Akakaa chini palepale. Binti alimpa plasta na soksi zake kavu. Huyo dada alilipia "matembezi mepesi". Hayo si makosa yake, na si makosa ya mlima.

Wengine katika kundi hilo walikuwa wameshaacha chupa za maji kando ya njia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2019, lakini chupa bado zinatembea. Mwongozaji wetu aliziokota bila kusema neno na kuzitia kwenye mkoba wake, nami nikazidi kuona aibu kwa niaba ya watu nisiowajua.

Kushuka ndiko kunakokudai. Nilikwenda kwa mtindo wa lori lenye mzigo kwenye mteremko mkali wa Kitonga, barabara ya Iringa, gia ndogo, usiamini breki. Magoti ndiyo breki. Hatua fupi, mguu uelekee pembeni kidogo, fimbo itangulie. Vijana wengine walioshuka wakikimbia niliwakuta chini wamekaa wanakandana. Kwa mzunguko mzima watu husema saa nne. Kwa mwendo wangu, pamoja na mbega na kula, ilikuwa zaidi, na hakuna aliyenisukuma.

Chini kijijini tulikunywa soda kwenye kibanda, na mama mwenye kibanda alituambia jambo ambalo kwenye matangazo hutaliona. Zamani waliruhusiwa kuingia msituni kwa siku maalumu kuokota kuni. Ruhusa hiyo iliondolewa 2011. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja bei ya mkaa, ambayo aliitaja pia. Anauelewa mlima, maji ya bomba lake yanatoka huko juu. Lakini wageni wanapanda, wanashuka, wanaondoka na chupa zao za maji walizonunua Morogoro. Kwa hiyo ushauri wangu wa fedha ni huu: ndizi, soda, mayai, chakula cha jioni, bajaji, vyote vichukulie Sanje na Mang'ula. Hiyo ndiyo kuni yao sasa.

Nani asiende? Mwenye magoti mabovu kweli, si ya kulalamika tu. Mjamzito. Mtoto mdogo wa kubebwa, maana mbebaji wake atahitaji mikono yote miwili. Kwa hao, karibu na geti la Mang'ula kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la yule mwana mfalme wa Uholanzi, njia yake ni fupi na unaweza kuimaliza ukiwa bado na nguvu ya kusimulia. Kwa mwenye miguu ya chuma kuna njia ya Mwanihana, ya siku tatu, hiyo nimewaachia wengine.

Viatu: vyenye meno chini, vilivyokwisha kuvaliwa, si vipya. Suruali ndefu nyepesi kwa ajili ya upupu na siafu. Nguo ya kuogelea ivae ndani kabisa toka asubuhi. Simu itie kwenye mfuko usioingiza maji, manyunyu hayachagui. Na usiende na mtu yeyote anayekuahidi kwenda na kurudi Dar ndani ya siku moja, hata akikupa bure. Lala Mang'ula usiku mmoja kabla, na ukiweza mmoja baada, kwa sababu asubuhi ya pili ngazi zozote zitakukumbusha.

Nyota nne kwa siku yenyewe, tano kwa mwongozaji. Tiketi ya treni ya kurudi Dar ya Jumapili jioni ikate kabla hujaondoka nyumbani. Sisi tulipata viti viwili vya mwisho, mabehewa tofauti.